Ubao Mmoja wa Kwako

Vijana wangu, Jumapili ile mlipokuja hapa Ngokolo kunijulia hali, mmoja wenu aliniuliza, "Mzee, tuchore nini ili tutoke?" Nikajibu harakaharaka: choreni kinachonunuliwa. Mkacheka, mkamaliza chai, mkaondoka mmeridhika. Mimi sikuridhika. Tangu siku ile nina aibu, kwa sababu niliwapa jibu lilelile lililonimaliza mimi mwenyewe.

Ndiyo maana nimemwita binti yangu Kabula aniandikie haya. Yeye ni mwalimu, ana mwandiko wa kusomeka, na macho yangu siku hizi hayaandiki wala hayasomi. Hayajui hata nani kaingia mlangoni mpaka asalimie. Mkiona mahali maneno yamenyooka kuliko yalivyo kinywani mwangu, jueni ni yeye, amezoea kusahihisha.

Nimechora maisha yangu yote. Saluni, bucha, maduka ya dawa, gesti zenye majina ya kujigamba na vitanda vya kuyumba, makanisa mawili, na maandishi ya msikiti mmoja. Nimechora Mlima Kilimanjaro mara nyingi kuliko watu waliozaliwa chini yake, na sijawahi kuuona. Nimechora simba kwenye ukuta wa baa moja hapa mjini, naye simba sikuwahi kumwona, nikamwazimia sura ya mbwa wa jirani. Walevi walikuwa wakimpigia mluzi. Mwenye baa alinilipa, lakini mpaka anakufa alikuwa akiniuliza kama simba wangu ameshakula.

Cheka tu, Kabula, hata mimi nilicheka. Ila katika kazi hizo zote, mtu akiniambia leo nionyeshe moja iliyo yako, sina.

Aliyenifundisha ni Mzee Shabani, mtu wa Ujiji aliyekuja Shinyanga kwa treni akasahau kurudi. Kibanda chake kilikuwa karibu na stesheni. Mwaka wa kwanza hakunipa brashi. Nilipiga mbao za hadibodi msasa, nikaosha brashi zake kwa mafuta ya taa, nikachemsha chai. Nilipolalamika alisema, "Mabula, mkono wako una haraka kuliko jicho lako. Tulia vilingane." Havikulingana. Jicho limezimika na mkono bado una haraka.

Siku aliponiruhusu kuchora nyuso alinipa somo moja, na hilo nawapa bure. "Tafuta kosa," alisema. "Usitafute uzuri, nyuso nzuri zote ni moja. Jicho moja limeshuka, pua imeegemea upande, jino limepanda jino, kovu. Ukilipata kosa umempata mtu. Ukilikosa, umechora mtu yeyote." Tulikuwa tukipiga viboksi vya penseli juu ya picha ndogo, tunapiga viboksi vikubwa kwenye ubao, kisha tunahamisha kiboksi kimoja kimoja. Vipimo vinapatikana hivyo. Kosa halipatikani kwa viboksi, linapatikana kwa kumkalia mtu mbele ukamtazama mpaka mwenyewe aone haya.

Na mengine madogo. Nyeusi ya kopo msiipake kwenye ngozi ya mtu, itamfanya mkaa. Chukueni nyekundu ya udongo, njano kidogo, na bluu kwenye ncha ya brashi. Kivuli kitakuja chenyewe. Ile nukta nyeupe ya jicho iwe ya mwisho, na iwe moja kwa kila jicho, upande mwanga unakotoka. Nilipokuwa bado naona niliwaona baadhi yenu mnaweka mbili. Jua ni moja, jamani.

Mzee Shabani alikuwa na desturi nyingine ambayo niliiona ya kipumbavu. Kila mwaka, mvua za kwanza zinapowazuia watu kuleta kazi, alifunga kibanda siku tatu akachora ubao mmoja wa kwake. Kitu kilekile kila mwaka: mlango wa nyumba ya mama yake huko Ujiji. Mlango, kizingiti, na ndala pembeni. Mwaka mwingine ndala zilikuwa jozi, mwaka mwingine mguu mmoja tu, nami sikuuliza kwa nini.

"Mzee, nani atanunua mlango?" nilimwambia siku moja.

"Hauuzwi."

"Sasa una faida gani?"

Aliendelea kupaka kizingiti. "Mwaka nitakaposhindwa kuuchora," alisema, "nitajua mimi si mchoraji tena, ni kopo la rangi lenye miguu. Na wewe, kila mwaka, ubao mmoja wa kwako. Hata ukiwa mdogo kama kiganja. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Kuitika kazi yake nini? Nilikuwa kijana, nilitaka viatu.

Alipofariki nilikwenda kuhani. Nikakuta warithi wameezekea banda la kuku kwa zile mbao zake, upande wenye rangi umetazama chini. Kuku walikuwa wanalala chini ya milango ya Ujiji. Mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikatamani kuomba ubao mmoja, nikaona haya kuomba paa la kuku kwa watu wenye msiba. Nimeujutia ule ukimya. Ningekuwa nao ukutani, pengine ungenisuta kila mwaka.

Mara moja tu nilichora kitu changu, na hata hiyo haikuwa makusudi. Mwenye bucha pale sokoni alitaka ng'ombe mnene kwenye ubao wa nje. Kwa kawaida ng'ombe nilikuwa nawatoa kwenye kalenda, lakini siku hiyo kalenda ilikuwa imelowa. Nikachora dume la marehemu baba yangu. Jeupe, lenye mabaka mekundu, pembe ya kulia imeinama mpaka karibu igonge jicho. Dume hilo nililichunga utoto wangu wote, nililala ubavuni mwake siku za baridi, na lilipotoka kwenda kwa mahari ya kaka yangu nililia kuliko bibi harusi.

Rangi haijakauka, watu wakaanza kusimama. Mfugaji mmoja mzee aliyekuwa anapeleka mbuzi mnadani aliegemea fimbo yake, akatazama weee. "Mwangaluka, fundi," akanisalimia. Nikaitika. Akauliza, "Huyu anaitwa nani?" Hakuuliza ng'ombe wa nani, aliuliza anaitwa nani, kama mtu anayeulizia mtoto. Nikamtajia jina. Akalirudia taratibu, akasema "wabeja", asante, akaenda zake na mbuzi wake.

Mwenye bucha alitoka na kisu mkononi. "Fundi, umeniharibia. Watu wanakuja kumwonea huruma ng'ombe, nyama hawanunui. Mnyooshe pembe."

Nikamnyoosha pembe. Brashi nne tano, dume la baba likawa ng'ombe wa kalenda. Jioni mnada ulipokwisha yule mzee alipita tena, wala hakugeuza shingo. Nililiona hilo, nikajifanya naosha brashi. Nawaambia wazi kwamba kazi yangu yote iliyofuata ilikuwa ya kunyoosha pembe.

Kisha dhahabu ikavuta watu Geita, nami nikavutwa. Nilimwacha mke wangu hapa Ngokolo na watoto, nikapanga fremu ya duka huko Kalangalala. Nyumbani nilikuwa nakuja mwisho wa mwezi, mara nyingine mwezi unapita. Pesa ya mabango ilikuwapo. Lakini kazi iliyonipa jina ilianza siku alipoingia kijana mwenye vumbi la mwamba mpaka kwenye kope, ameshika kitambulisho cha kaka yake. Duara lilikuwa limewafukia. Duara ndilo shimo la wachimbaji wadogo, linashuka wima ardhini. Kesho yake walikuwa wanasafirisha mwili kwenda kuzika, na walitaka picha ya kubeba mbele ya jeneza.

"Mchore na suti," aliniambia.

"Marehemu alikuwa anavaa suti?"

"Hakuwahi. Ndiyo maana nasema mchore nayo."

Nikamchora. Kitambulisho kilikuwa na picha ndogo kama kucha, nikaikalia na kioo cha kukuzia hadi nikalipata kosa lake: sikio la kushoto limekunjamana kwa juu. Yule kijana alipoona sikio lile alikaa chini sakafuni. Habari zikaenea. Wakaja wa Bulyanhulu, wa Nyarugusu, wa vijiji ambavyo sikuvijua. Ajali, malaria, pikipiki, uzazi. Nikaitwa Fundi Marehemu.

Msiba hausubiri rangi kukauka. Kwa hiyo nikabuni njia yangu, na wakati ule nilijiona mjanja: nilianza kuandaa miili mapema. Nachora mbao nyingi, kifua na mabega tu. Suti nyeusi na tai nyekundu kwa vijana, kaunda suti ya kaki kwa wazee, kitenge na kilemba kwa akina mama. Mahali pa uso naacha wazi. Mteja akija na picha anachagua mwili, mimi naweka kichwa, siku hiyohiyo anaondoka. Ya watoto sikuiandaa. Hiyo mkono ulikataa.

Fremu nzima ilikuwa imejaa watu wasio na vichwa wamepangwa ukutani. Mlevi mmoja aliingia akaziamkia mbao zote shikamoo, akanuna kwa kuwa hazikuitika. Siku nyingine nilikosea mwili: marehemu alikuwa mtu wa shingo fupi, nene, nikamweka kwenye suti ya shingo ya twiga. Mjane aliangua kicheko mbele ya wakwe. Akasema mumewe angekuwa hai angeipenda shingo hiyo. Kisha akarudia kilio palepale.

Sasa sikieni ubaya wa njia hiyo. Watu wakaanza kuniogopa macho. Mama aliyekuwa akituuzia chakula jirani na fremu, nikimtazama muda kidogo, anafunika uso kwa upawa: "Baba Kabula, tazama sahani, usinitazame mimi. Mimi bado nipo nipo sana!" Tulikuwa tunacheka. Lakini kichekesho kikirudiwa mno kinaingia damuni. Mimi mwenyewe nikaanza kuamini kwamba uso nikiuchora, mwenyewe hayuko mbali na kaburi. Nikaacha kuwatazama watu wangu. Nikija nyumbani nawatazama mikono, nawatazama miguu. Uso naupita.

Mke wangu alikuwa anauza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Alikuwa anavianika juu ya yale majabali nyuma ya nyumba. Siku moja nimekuja kutoka Geita nikamkuta huko anavigeuza, akasema bila kuinua kichwa, "Baba Kabula, unawachora watu wote wa Geita. Nichore na mimi."

Nikamjibu, "Mama Kabula, unataka kufa?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha kuinua uso juu, kama anayetazama mvua. Hakusema tena siku hiyo.

Mara ya pili ilikuwa baada ya harusi ya Kabula huyu anayeandika. Nyumba ilikuwa imepoa, tumebaki wawili na masufuria ya watu. "Nichore nikiwa hai, nijione," alisema. Nikamwambia mwezi ujao, nikirudi na rangi nzuri. Nikarudi na sukari na sabuni.

Mara ya tatu hakusema neno. Alioga asubuhi, akavaa kitenge chake cha kijani, akaweka kigoda mlangoni pale mwanga unapoingia vizuri, akakaa, mikono mapajani. Mimi nilijua. Fundi gani asiyejua mtu aliyekaa ili achorwe? Nikampita, nikamuuliza kama maji ya kuoga yamechemka. Akanyanyuka akaenda kuyatazama.

Kabula amesimamisha kalamu hapo. Nimemwambia aendelee.

Mambo ya Kalangalala yaliisha kama mlivyosikia. Ng'ambo ya barabara kukafunguliwa duka la kuchapisha mabango kwa mashine. Mtu anakwenda na simu, hajamaliza soda picha imetoka, suti imo, tai imo, mawingu nyuma yamo. Nilikwenda kuchungulia. Nao wana miili isiyo na vichwa, ila ya kwao inakaa ndani ya kompyuta. Sikuwa na haki ya kuwalaumu, wamechukua njia yangu wakaiendesha kwa umeme. Nikauza makopo, nikarudi Ngokolo na brashi zangu na ubao mmoja uliobaki: mwili wa mama, kitenge cha bluu na kilemba, uso wazi. Nikauweka nyuma ya kabati.

Hapo ndipo ningeanza. Nilikuwa na muda wote, nina mke, nina majabali, nina michembe. Kila siku nilisema kesho. Nilisema nisubiri rangi nzuri, nisubiri joto lipungue. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa mambo mawili: kwamba nikimchora atakufa, na kwamba nikimchora nitashindwa. La pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Mtu aliyezoea kuchora cha wengine akikosea anasema mteja ndiye alitaka hivyo. Cha kwako ukikosea utamsingizia nani?

Macho yalianza pembeni. Nilikuwa nagonga fremu za milango, nikidhani nyumba imekuwa ndogo. Hospitali daktari binti, mwenye sauti ya upole, aliniambia ni presha ya macho, imekaa muda mrefu bila kuniuma. "Baba, dawa itazuia kilichobaki kisiende haraka. Kilichopotea hakirudi." Nilikuwa nimebakiwa na tundu katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na tundu lenyewe linafumba.

Nilirudi nyumbani nikasema, "Mama Kabula, kaa nikuchore."

Kisha akaenda kuoga.

Alipotoka amevaa kile cha kijani, kimeshapauka. Mimi nilikuwa nimeshautoa ubao nyuma ya kabati. Akautazama. "Hicho kitenge si changu," alisema.

"Nikianza upya mwili na nguo sitamaliza, macho hayaningoji. Kilicho muhimu ni uso."

"Haya," akasema, akakaa.

Nilimchora siku tisa. Kupitia tundu lile nilikuwa naona jicho moja, nikihamia pua jicho limetoweka, nikienda mdomoni pua haipo. Uso mzima sikuuona hata mara moja. Nilikuwa nauunga kama mtu anayeunga chungu kilichovunjika gizani. Panapokosekana kitu mkono ulijaza wenyewe, nao unajua kujaza, umewajaza wanawake wa Geita wangapi! Nilitafuta kosa lake. Nilijisogeza hadi pumzi zetu zikagusana. Sikuliona. Nikajiambia mke wangu ni mzuri tu, hana kosa. Siku ya kumi nikaweka nukta za macho, moja moja, nikaweka brashi chini.

"Inafanana?" nilimuuliza.

Alichukua muda. Nilisikia kuku nje wakikwaruza.

"Inafanana, Baba Kabula. Ni mimi kabisa."

Vijana wangu, wiki ile nilikuwa tajiri. Niliutundika ubao sebuleni kwa mikono yangu. Nilijisemea Mzee Shabani, huko uliko, tazama, nimechelewa lakini ninao. Ubao mmoja wa kwangu. Tundu lilifumba ndani ya wiki hiyohiyo, asubuhi moja nikaamka nikaona weupe tu kama maziwa, na hata hivyo sikulia sana. Nilikuwa nimewahi.

Kisha akaja Mama Jeni. Huyu ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anaonana na mke wangu kila siku ya Mungu, ila alikuwa amekwenda Kahama kumuuguza mwanawe. Alikuja kuazima chekeche. Nilimsikia akipiga hodi kwa sauti yake ya kawaida, kubwa, akaingia, akaniamkia. Mara sauti ikakatika. Ilipotoka tena ilikuwa imeshuka, ile sauti tunayoingia nayo penye msiba.

"Jamani, poleni. Mimi hata sikupata habari. Huyu mama ni nani wenu? Kafariki lini?"

Mke wangu alikuwa amesimama palepale, chekeche mkononi, umbali wa hatua mbili kutoka kwenye ubao. Akajibu upesi, upesi mno: "Ni shangazi yake Baba Kabula. Wa huko kijijini. Zamani."

"Poleni sana, baba," Mama Jeni akaniambia.

"Tumeshapoa," nikamjibu.

Akachukua chekeche akaenda zake. Nilisikia mke wangu akikaa, kigoda kikalia. Nilijua sasa kilichokuwa kwenye kile kimya chake nilipomuuliza kama inafanana. Alikuwa amemtazama mwanamke asiyemjua, ndani ya kitenge kisicho chake, akakubali kuitwa yeye ili mimi nipate usingizi.

Baadaye nikamwita. "Mama Kabula."

"Abee."

"Njoo karibu, nikushike uso."

Hatujazoea mambo hayo, sisi watu wa kizamani. Alikuja hata hivyo, akapiga magoti mbele ya kiti changu. Nikaanza na kipaji cha uso, kama nilivyofundishwa. Nyusi. Kope. Pua, ambayo nilikuwa nimeichora nyembamba kuliko ilivyo. Midomo. Vidole vilipofika chini ya kidevu, upande wa kushoto, vikakuta mfereji. Kovu. Limelala kwa upana, refu kama punje mbili za mpunga, laini kuliko ngozi nyingine.

"Hili ulilipata lini?" Nilidhani ni jipya. Nilidhani ameanguka akanificha kwa sababu ya macho yangu.

"Tangu utoto," alisema. "Niliangukia jiwe la kusagia la bibi. Hata shule sijaanza."

"Mbona sikuwahi kuliona?"

"Linaonekana nikicheka," alisema. "Nikiinua uso."

Mimi niliyelipata sikio lililokunjamana kwenye picha ndogo kama kucha. Nilimuoa akiwa nalo, akanizalia akiwa nalo, akacheka nalo juu ya majabali siku aliponiomba mara ya kwanza.

Ubao bado uko ukutani. Nilimwambia autoe, tukaezekee kuku. Amekataa. Wageni wakija wanatupa pole, naye anawashukuru. Sina neno la kuwaliwaza mwishoni hapa, wala sina mfano mzuri wa kuwaonyesha. Nawaambia tu mlichoniuliza: mchore nini? Rudini nyumbani mkamtazame anayewatilia maji. Mtazameni usoni, akiwa anacheka, wakati bado mnaona. Kinachonunuliwa kitawangoja, hicho hakijawahi kukosa wa kukichora.

Kabula akiwa bado anaandika, nimemuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza mtu yeyote. "Wewe, mwanangu, hilo kovu la mama yako ulikuwa unalijua?"

Kalamu imesimama. "Baba," amesema, "nani asiyelijua?"

Nimemwambia na hilo aliandike.